Feni ya Karatasi

Bi Thoan alipitisha kitambaa chenye maji sakafuni kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na kwa mara ya tatu sakafu ikakauka kabla hajafika mlangoni. Kipimajoto alichokitundika mumewe ukutani kilisoma nyuzi thelathini na sita. Ilikuwa bado saa tatu. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tano, ya mwisho. Juu ya dari hakukuwa na kitu ila zege na jua la Hanoi.

Aliweka wali wa kunata na kuku wa kuchemsha mbele ya picha ya mumewe, Khiem, akachukua kifurushi alichonunua jana sokoni. Ndani mlikuwa na feni ya karatasi yenye mapanga matatu na waya wake, ya kuchomwa ili imfikie marehemu. Ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya mwezi mwandamo, siku ya kuwatumia wafu mahitaji yao. Kinachochomwa baada ya saa sita mchana, watu husema, huokotwa na mizimu isiyo na jamaa. Khiem alikuwa amefariki Juni. Hiki kingekuwa kitu cha kwanza kumtumia.

Chini ya ngazi, Bi Luu alikuwa akivunja barafu kwa ajili ya chai yake ya kuuza.

"Umemnunulia nini, dada?"

"Feni."

Mzee Tac, kinyozi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitafuna mbegu za alizeti, akacheka. "Feni, shemeji? Kule ni baridi. Mpelekee koti."

"Koti, mtu aliyekufa kwa joto?"

"Na akipata hiyo feni," Luu akasema, "utamsikia huko huko: upepo unaniumiza mabega."

Walicheka wote watatu, kwa sababu ilikuwa kweli. Januari Khiem alilala na kofia kichwani na kusema nyumba hii ilijengwa na mtu aliyewachukia. Machi, kuta zilipotoa jasho na nguo zikakataa kukauka, aliitamani Januari. Juni aliitamani Machi. Kwa miaka thelathini na moja Thoan alimwambia anyamaze. Sasa chumba kilikuwa kimya mpaka akasikia friji inavyonguruma.

Tac akapekua mfuko wake, akatoa koti la karatasi. "Nilimnunulia marehemu kaka yangu mawili. Chukua moja. Achague mwenyewe."

"Asante, shemeji. Na pipa la kuchomea liko wapi?"

Luu akaonyesha kwa kidevu. Pale uani palipokuwa na pipa palikuwa pamejaa magari, na ukutani kulikuwa na tangazo: marufuku kuchoma karatasi uani na ngazini. "Wamelitoa wiki iliyopita. Majivu yanachafua magari ya watu."

"Magari ya nani? Humu nani ana gari?"

"Ndiyo maana nikasema ya watu."

Kulibaki paa, na paa lilifungwa kofuli. Zamani wakazi wa ghorofa ya tano walipanda kila alasiri kumwagia zege maji ili vyumba vipoe. Kisha mtu wa ghorofa ya nne akalalamika dari yake inavuja, na badala ya ufa kuzibwa, mlango ukafungwa. Hiyo ilikuwa Aprili ya mwaka jana. Khiem aliandika barua nne, kila moja na nakala ya daftari lake la joto la kila siku. Oktoba walimjibu kwamba msimu wa joto umekwisha. Mei walimjibu kwamba bajeti hupangwa wakati wa baridi.

Quyet, mwenyekiti wa jengo, alifungua mlango wake wa ghorofa ya tatu akiwa na fulana. Ubaridi wa kiyoyozi ukamgusa Thoan usoni.

"Mama mkubwa, karibu. Lakini ufunguo siwezi. Paa lina utaratibu. Andika ombi, Jumatatu nitalifikisha ofisini."

"Jumatatu mizimu itakuwa imeshavaa koti lake, mwanangu."

"Sheria sikutunga mimi."

"Sawa. Basi niandikie wewe, macho yangu hayaoni mistari. Na tangu mazishi hujaja kumwashia Khiem ubani."

Quyet alivaa shati, akachukua kalamu, akapanda naye, funguo zikilia kiunoni.

Aliwasha vijiti vitatu vya ubani, akainamia picha. Thoan akazima feni ya chumba. "Majivu ya ubani yatapeperuka," akasema, na ndivyo kila nyumba ilivyofanya. Akamvutia kiti cha Khiem.

"Andika. Mimi, Do Thi Thoan, chumba namba mia tano na nne."

Quyet akaandika.

"Naomba kufunguliwa mlango wa paa. Usiharakishe, mwanangu, mwandiko uwe mzuri. Umeandika tarehe?"

Tone la jasho likaangukia karatasi. Alilifuta, wino ukatawanyika.

"Mama mkubwa, feni kidogo tu."

"Ubani bado."

"Joto gani hili, jamani."

"Andika na hilo."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliinua macho akaona kipimajoto: thelathini na tisa. Kando yake daftari lilining'inia kwa uzi, limefunguliwa ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ilikuwa tarehe ya Juni, saa saba mchana, arobaini na tatu. Aliijua tarehe hiyo. Yeye ndiye aliyepigia simu gari la wagonjwa.

Ubani ulikuwa umebaki nusu. Aliweka kalamu mezani, akachomoa ufunguo mmoja.

"Nusu saa. Na usimwambie mtu."

Saa tano na robo, Thoan alichoma feni ndani ya sufuria kuukuu juu ya paa. Akafuatisha koti. Halafu nakala za zile barua nne, na ombi jipya ambalo jasho lake lilikuwa halijakauka.

"Haya," alimwambia Khiem. "Sasa una muda. Lalamika huko."

Alizima majivu kwa ndoo ya maji. Maji yalipomwagikia zege yakatoa mvuke, yakatoweka. Akayatazama. Akashuka kuleta ndoo ya pili. Jirani wa mia tano na tano alimwona ngazini, asiulize, akaenda kuchukua yake. Kisha akatokea Mzee Tac na karai la saluni, akihema.

"Mama mkubwa!" Quyet aliita kutoka chini. "Nusu saa imekwisha!"

"Moto haujazimika, mwanangu!"

Saa saba akaita tena.

"Bado unafuka!"

Hakupanda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Thoan, na huko ulikaa.

Saa tisa alisoma kipimajoto. Alichukua daftari, na chini ya arobaini na tatu akaandika tarehe na nyuzi thelathini na tano. Akafikiri kidogo. Kisha pembeni, mahali Khiem alipokuwa akiandika maoni yake, akaandika: Bado joto.