Damu Inabisha Hodi

Mama Gerson, mkwe wa mdogo wangu Loisi, haamini jambo mpaka awe amelirekodi. Mahubiri anarekodi, harusi anarekodi, hata ugomvi wa majirani pale Makole anao kwenye simu. Kwa hiyo tulipoingia chumba cha altrasaundi sisi watatu, simu ilikuwa tayari mkononi. Nilimwambia aiweke kwenye pochi, akajifanya hajanisikia.

Hii ilikuwa mimba ya tatu ya Loisi. Mbili za mwanzo ziliharibika mapema. Hii ilikuwa imefika mbali kuliko zote, ila tumbo lilikuwa limeacha kukua, na Daktari Imrani alitaka kuona damu inavyopita kwenye kondo la nyuma. Akampaka jeli, akakandamiza kile kifaa chake, na kwenye kioo cheusi vikatokea vimishipa vyekundu na vya bluu, vinawaka na kuzimika. Mimi nauza nafaka Majengo, sijui lolote la mashine, lakini nilivyoviona vile nilishikwa na hofu.

"Huu ni upande wa mama," daktari akasema. Sauti ikajaa chumba: shwaa, shwaa, nzito, ya taratibu. "Damu yake inafika mlangoni vizuri, inabisha hodi."

"Bwana asifiwe!" Mama Gerson alikuwa anarekodi, machozi yanamlengalenga. "Moyo wa mjukuu wangu huo."

"Hapana, mama. Hiyo ni damu ya Loisi mwenyewe. Ya mtoto ni hii." Akasogeza kifaa kuifuata kamba ya kitovu. Sauti ikawa nyembamba, ya haraka, inakatika katika. Daktari akasikiliza tena. Mama Gerson alikuwa ameshaacha kurekodi, anaituma ile sauti ya kwanza kwa ukoo mzima.

Daktari akazungusha kiti akamtazama Loisi. "Kati ya pigo na pigo damu inatakiwa iendelee kupita. Ya mtoto wako inasimama. Kondo limechoka. Ulale wodini leo, tukupime kila siku. Ikianza kurudi nyuma, tunamtoa mtoto hapo hapo."

"Kwa kisu?" Mama Gerson akauliza.

"Kwa upasuaji, mama."

"Mtoto mwenye moyo kama huu, mnamkata wa nini? Wangu wote nimewazaa nyumbani Mpwapwa, hakuna aliyenigusa na wembe. Jumapili tunamwombea. Jumatatu tutamleta."

Nilibisha. Nilibisha kwa sauti hadi nesi akachungulia mlangoni. Tukampigia Gerson, mume wa Loisi, aliyekuwa kazini Singida, naye akasema neno alilozoea kusema: "Msikilizeni mama." Loisi alinitazama, akamtazama mkwewe ambaye analala nyumba moja naye, akavaa viatu. Nikasema mbele ya wote kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mama Gerson hajanisamehe mpaka leo, na mimi sijamwomba msamaha.

Sauti ile ikaenda kila mahali. Iliwekwa kwenye mazoezi ya kwaya, ikapelekwa kwa mchungaji, ikawekwa hata dukani kwangu na mteja niliyekuwa simjui, ananipongeza kwa mjukuu wa ukoo. Siku moja Loisi akanipigia.

"Dada, leo hachezi sana."

"Nenda hospitali sasa hivi."

"Mama ameniwekea ile sauti. Amesema niache woga."

Jumapili nilipompigia, simu yake haikupokelewa. Nikafunga duka mchana, nikakodi bajaji. Nilikuta wanakwaya wamejaa sebuleni wanaimba polepole. Loisi alikuwa amelazwa mkekani, simu ya mkwewe imewekwa juu ya tumbo lake, inatoa shwaa, shwaa, na akina mama wanatikisa vichwa kwa furaha. Macho yake yalikuwa darini.

"Amecheza lini mara ya mwisho?" nikauliza. Wimbo ukakatika. "Loisi! Amecheza lini?"

"Jana asubuhi, dada."

Nikamwinua. Mama Gerson alisimama mlangoni akisema ibada haijaisha, nikamsukuma, na ningemsukuma tena. Alipanda bajaji pamoja nasi vilevile, simu mkononi.

Daktari Imrani alikuwa zamu. Hakuuliza mengi. Kifaa kilipogusa tumbo, sauti ikajaa chumba kama siku ile: shwaa, shwaa.

"Si niliwaambia!" Mama Gerson akapiga makofi. "Mzima!"

Daktari hakumwangalia. Akasogeza kifaa kwenye kamba ya kitovu. Hakukuwa na kitu. Akasogeza tena, akaongeza sauti hadi mwisho, tukasikia mvumo wa mashine tu. Kwenye kioo hapakuwa na nyekundu wala bluu.

"Pole sana, Loisi," akasema, akaondoa mkono.

Mama Gerson akakaa chini sakafuni. Hapo hapo simu yake ikaita, akaipokea bila kujua anachofanya, na sauti ya shangazi wa Mpwapwa ikatoka kwa kelele, inasalimu Kigogo: "Mbukwa! Tumemsikia mjukuu! Ana nguvu huyo!" Nilitamani kuipiga ukutani. Loisi akanyoosha mkono akaiomba. Akakata, akatafuta ile rekodi, akaiweka sikioni. Vidole vya mkono wa pili akavibana shingoni, penye mshipa. Akasikiliza mpaka ikaisha.

"Kumbe siku zote ni mimi," akasema. "Nabisha hodi, na ndani hamna mtu."