Mashine Ndefu Kama Jeneza

Dada mtu, muuguzi mstaafu, alikuwa ameigawa akiba yake nusu kwa nusu: nusu ya mashine ndogo ya kukereza mbao, nusu ya patasi, jiwe la kunolea na kinga ya uso. Kukereza bakuli na miguu ya viti ndiko alikotarajia kungemlisha uzeeni. Fundi aliyemfundisha alimwonya: mashine bila patasi ni chungu bila moto. Goti lilipomsumbua, akamtuma kaka yake dukani. Kaka akarudi na mashine ndefu kama jeneza, na mfuko mtupu.

"Ile ndogo ni ya watoto kuchezea," alisema kaka, akikipapasa chuma kama mwenye ng'ombe. "Mimi, nionekane njiani nimekubebea kichezeo?"

"Patasi ziko wapi?"

"Nimekutengenezea." Akachomoa tupa kuukuu aliyoinoa ncha. "Chuma ni chuma, dada. Shukuru basi!"

"Nishukuru? Nilikutuma ununue, sikukutuma utambe."

Alijua kuwa tupa ni ngumu lakini huvunjika kama kioo; fundi alilisisitiza hilo kabla hajamruhusu kugusa chombo chochote. Kabla hajamkataza, kaka alikwisha kuiwasha mashine na kuisogeza tupa kwenye gogo la majaribio lililofungwa tangu dukani, likizunguka. Pakalia mlio mkali. Kipande cha tupa kikapita kati ya nyuso zao, kikajikita mlangoni.

Dada akazima mashine. Maisha yake yote wodini alishona nyuso za watu walioamini kuwa chuma ni chuma.

"Irudishe."

"Dada, nimekwisha kuwatambia pale dukani! Nitaificha wapi sura yangu?"

"Sura unayo. Mshukuru Mungu kwa hilo."

"Basi nisubiri watu wapungue barabarani."

"Sasa hivi. Uliileta kwa mbwembwe mchana kweupe, utairudisha mchana kweupe. Urudi na ile ndogo, na patasi, na jiwe, na kinga ya uso. Dukani wakikata fedha yoyote kwa kuirudisha, utalipa wewe."

Kaka akaenda kumwita mwenye mkokoteni, kichwa chini. Aliporudi, dada alikuwa amekwisha kuking'oa kile kipande mlangoni kwa koleo. Akakitumbukiza katika mfuko wa shati la kaka yake, juu ya moyo.

"Wakikuuliza sababu," alisema, "waonyeshe hiki."