Dirisha Juu ya Ofisi ya Wageni

Gudrun Timpe alifukuzwa kazi Jumanne, na Jumatano asubuhi alikuwa dirishani. Hakwenda mbali, maana hakuwa na pa kwenda. Alikaa ghorofa ya kwanza ya nyumba ile ile ambayo chini yake ilikuwa ofisi ya taarifa za wageni ya mji wa Brennstedt. Kwa miaka thelathini na mmoja alishuka ngazi kumi na nane kwenda kazini, akapanda kumi na nane kurudi kupika. Sasa ngazi zilibaki zake, kazi si yake tena.

Aliweka mto kwenye ukingo wa dirisha kama wafanyavyo wanawake watu wazima wa mji ule, akaegemeza viwiko, akatazama chini. Majirani walidhani anapunga hewa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini wahenga hawakuwahi kupita Brennstedt.

Aliyemwaga unga wake ni Torsten Wieprecht, mkuu wa ofisi, bwana wa miaka thelathini na minane aliyekuja kutoka Kassel na shahada mbili na viatu vyeupe. Bwana yule alikuwa na kitabu cha nyumba za wageni zinazolipa ada, na ambayo haikuwamo kitabuni, kwake yeye haikuwapo duniani. Gudrun aliwahi kumtuma baba mmoja na watoto watatu, mvua ikiwachapa, kwa mjane wa mtaa wa pili ambaye hakuwa kitabuni.

"Bibi Timpe, nyumba ile haimo kwenye kitabu chetu," Wieprecht alimwambia.

"Lakini ina vitanda, Bwana Wieprecht. Kitabu chako hakina hata kimoja."

Akapewa onyo la kwanza kwa maandishi. La pili lilikuja mwezi wa nane. Ofisi hufungwa saa sita na nusu mchana hadi saa nane kwa chakula, na mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu aligonga saa saba kasoro dakika ishirini akiomba choo. Gudrun akamfungulia. Wieprecht alisimama pembeni akitazama saa yake mpaka mama yule alipotoka, kisha akasema, "Saa ni saa, Bibi Timpe." Wiki iliyofuata Gudrun alisimama mlangoni mwake mwenyewe na sanduku la karatasi mkononi.

Hilo angeweza kulimeza. Lililomkaba ni ile barua ya sifa ambayo kila anayeacha kazi katika nchi ile hupewa aende nayo kwa mwajiri mwingine. Wieprecht aliandika kwamba Bibi Timpe alijitahidi kadiri ya uwezo wake. Kwa mgeni ni maneno mazuri. Kwa mwajiri wa pale ni sawa na kuandika: huyu hafai, mpisheni. Gudrun aliipeleka makumbusho akiomba kazi, na mama wa makumbusho alisoma mpaka mstari ule, akaikunja barua kwa vidole viwili na kumrudishia. Miaka thelathini na mmoja! Gudrun alirudi nyumbani akilia njia nzima, na alipokwisha kulia alijua anachotaka. Alitaka Wieprecht atolewe katika ofisi ile, na mji wote uone. Basi.

Mwanzo ulikuja wenyewe. Mume na mke wa Kiholanzi walifika na baiskeli zao saa saba mchana, wakautikisa mlango, wakaukuta umefungwa.

"Mnatafuta nini, wapenzi wangu?" Gudrun aliita kutoka juu.

Walitafuta mahali pa kutengenezea tairi na mahali pa kulala. Aliwaambia vyote viwili, akaeleza pia wapi watapata viazi vya kukaanga ambavyo haviogelei mafutani. Wakacheka, wakampungia mikono. Na hapo Wieprecht akatoka mlango wa pembeni, mkate mkononi, akainua uso.

"Bibi Timpe, hii si kazi yako tena."

"Nani kasema ni kazi? Naongea na watu barabarani. Au barabara nayo imo kwenye kitabu chako?"

Alivyogeuka yule bwana, shingo nyekundu, Gudrun alisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu Jumanne ile. Kesho yake alinunua kikapu na kamba.

Ilipofika mwezi wa tano wa mwaka uliofuata wageni walikuwa wanapanga foleni chini ya dirisha. Gudrun alichora ramani kwa mkono wake jioni, akiandika tarehe pembeni, na kuziteremsha kwa kikapu. Ni mlango upi wa kanisa ulio wazi, basi lipi haliji Jumapili ingawa limeandikwa, daraja gani linafungwa kwa ukarabati. Wieprecht alikuwa ameweka mashine ya kioo mlangoni, unaigusa inakujibu, ila daraja lile mashine ilikuwa bado inaliona zima. Watu walikuwa wanakwenda mpaka mtoni na kurudi wakitukana kwa lugha saba.

Kila Jumamosi Marlies Hübbe alipanda na keki ya plamu. Marlies alikuwa mwenzake wa dawati kwa miaka ishirini, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mtalaka, goti bovu, moyo laini. Yeye alikuwa bado yuko kule chini, na ndiye aliyemletea habari za Wieprecht.

"Anaota mvi, shoga yangu. Jana kahesabu watu wako kwa dirisha, kafika arobaini, kaenda kunywa dawa ya tumbo."

"Anywe chupa nzima."

"Na mkaguzi anakuja majira haya ya joto. Wa ile alama."

Alama ni kile kibao chekundu cha mlangoni chenye herufi ndogo nyeupe. Hutolewa na chama cha ofisi za wageni kwa miaka mitatu, na mkaguzi wake huja kwa siri, amevaa kama mtalii, bila kujitambulisha. Akikuta uzembe, kibao kinashushwa. Na mwaka ule halmashauri ya mji ilikuwa imesema wazi: ofisi isiyo na alama haitapata senti.

"Basi watamfukuza?" Gudrun aliuliza.

"Yeye na mimi," Marlies alijibu, akacheka kidogo, akamkatia kipande kingine cha keki.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi. Gudrun alimjua kabla hajafika mlangoni, maana katika miaka thelathini na mmoja aliwaona kumi, na wote ni kama ndugu wa tumbo moja. Alikuwa mama mwembamba mwenye begi la mgongoni. Alisimama mbele ya rafu ya nje, akachukua kijitabu, na badala ya kukifungua akakigeuza nyuma kutazama kimechapishwa mwaka gani. Mtalii wa kweli hajali mwaka. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na sita.

Zilibaki dakika nne mlango ufungwe. Gudrun angeweza kumwacha aingie. Badala yake alimwita kwa sauti tamu kama asali.

"Mama, karibu! Unahitaji nini?"

Mama akainua uso. Aliuliza kama kuna choo kinachoingia kiti cha magurudumu. Kisha akauliza mtoto afanyiwe nini mvua ikinyesha. Maswali yale yale ya siku zote! Gudrun alimjibu taratibu, bila haraka, akimpa zaidi ya alichoomba, jicho lake moja likiwa kwenye saa ya mnara. Alimteremshia ramani. Mama akaigeuza, akakuta tarehe ya jana, nyusi zikapanda.

"Sasa ingia ndani hapo, wakupe na orodha ya mahoteli," Gudrun alimwambia ilipofika saa sita na nusu na dakika moja.

Alimwona akienda mlangoni. Alimsikia Wieprecht akizungusha ufunguo kwa ndani. Mama akagonga kioo, akaonyesha kwa ishara kwamba ana swali moja tu, na Wieprecht, Mungu ambariki, akanyoosha kidole kuelekea ubao wa saa za kazi, akageuka zake. Gudrun aliuma mto asipige kelele ya furaha.

Wiki tano alilala usingizi mnono. Kisha Marlies akapanda siku isiyo Jumamosi, bila keki, akaketi bila kukaribishwa.

"Tumepita," alisema. "Maksi za juu kuliko ofisi zote za jimbo."

"Unanitania."

"Sikutanii. Mama yule kaandika kwamba mlango ulifungwa kwa saa yake, sawa na ilivyotangazwa, na kwamba wakati wa mapumziko ofisi huhudumia wageni kupitia dirisha la juu. Kaliita wazo la kupigiwa mfano. Na ramani yako, eti ni ramani mpya kuliko zote alizowahi kuona katika kazi yake."

Gudrun alikuwa amemvika adui yake taji kwa mikono yake mwenyewe. Gazeti la mji lilitoa picha ya Wieprecht na meya, kibao kipya katikati yao, na chini yake Wieprecht akisema kwamba huduma ya dirishani ni mkakati walioufikiria kwa muda mrefu. Walioufikiria! Gudrun alisoma mstari huo mara nne, na kila mara damu ilimpanda upya.

Na bado bwana yule hakutosheka. Alipanda mwenyewe zile ngazi kumi na nane, kifurushi kwapani.

"Bibi Timpe, yaliyopita tuyaache. Wewe endelea tu hapo dirishani. Mji unakushukuru." Akafungua kifurushi. Ulikuwa mto mpya, mwekundu, wenye nembo ya mji. "Huu ni bora zaidi, unaonekana kwa mbali."

"Na kazi yangu?"

"Ah, bajeti hairuhusu. Lakini unapenda kufanya, sivyo? Inaonekana kabisa unapenda."

Hilo ndilo lililomchoma, maana lilikuwa kweli. Aliupokea mto, akasema asante, akafunga mlango, akaanza kuandika barua kwa chama cha ofisi za wageni kabla nyayo za viatu vyeupe hazijafika chini. Ilikuwa barua fupi. Mwanamke wa dirishani si wa ofisi ile. Alifukuzwa na Bwana Wieprecht kwa kosa la kumfungulia mgeni mlango saa ya mapumziko, nakala ya onyo imeambatishwa. Anaomba maksi ilizopewa ofisi kwa ajili yake ziondolewe.

Marlies aliiona mezani Jumamosi hiyo. Aliisoma akiwa amesimama.

"Usiipeleke, Gudrun. Wakiondoa maksi zako hatubakii na kitu. Halmashauri watafunga, wameshasema. Mimi nimebakiza miaka mitatu nipate pensheni kamili. Nani atamchukua kizee mwenye goti hili?"

"Anatamba kwa jasho langu, Marlies."

"Atambe! Dua la kuku halimpati mwewe. Mwache, tule keki."

"Nimekusikia," Gudrun alisema.

Jumatatu asubuhi alitia barua katika sanduku la posta la njano, pale mkabala na duka la mikate.

Kibao kilishushwa mwezi wa kumi. Fundi alikuja na bisibisi, na Gudrun alitazama kila skrubu ikitoka, viwiko vyake kwenye mto wa zamani. Meya, ambaye alionekana gazetini akicheka na mwongo, alitafuta pa kuficha uso wake, akapata kumficha Wieprecht kwanza. Walimpeleka chini ya jengo la manispaa, chumba kisicho na dirisha, dawati la kodi ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Katika mji ule kila mbwa hulipiwa kodi, na kila mwenye mbwa huja kunung'unika, na wa kunung'unikiwa sasa alikuwa bwana mwenye shahada mbili. Gudrun alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alitembelea hata nyumba ya kulea mbwa waliotelekezwa, akamtazama mmoja mwenye jicho moja, akafikiria kumchukua ili tu apate sababu ya kupanga foleni kule chini.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ofisi ilifungwa. Jioni hiyo, saa kumi na moja, Marlies alipanda. Hakuvua koti.

"Kaa, nikuwekee kahawa," Gudrun alisema. "Umesikia? Jana bibi mmoja alimpelekea Wieprecht mbwa wake, mbwa akaukojolea mguu wa meza. Mguu wa meza, Marlies!"

Marlies hakucheka. Alikuwa ameshika funguo za ofisi, ambazo kesho yake alitakiwa kuzikabidhi manispaa.

"Nataka kuuliza jambo moja," alisema. "Siku ile ulipopeleka barua. Ulinifikiria hata kidogo?"

Gudrun angeweza kusema hasira zilimpofusha. Marlies angelikubali hilo, alikuwa mtu wa kukubali. Lakini miezi yote hii uongo ulikuwa umekaa kule chini, naye hakutaka upande hadi jikoni kwake.

"Nilikufikiria," alisema. "Nilisimama mbele ya sanduku muda mrefu, mpaka mwenye duka la mikate akatoka kuniuliza kama naumwa. Nilikufikiria wewe na miaka yako mitatu. Kisha nikaitumbukiza."

Marlies alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Basi umeshinda," alisema.

"Nimeshinda," Gudrun alijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na hata sasa, akimtazama mwenzake usoni, hakuweza kujidai kwamba asingeipeleka tena.

Alimsikia akishuka, akitanguliza goti bovu, akipumzika kila ngazi ya tatu. Ilimchukua muda mrefu kufika chini. Gudrun hakumwita.