Hongera, Umeukwepa Mtego

Mshauri wa usalama wa mtandao alikuwa na vyeti vitatu ukutani mwa ofisi yake. Jumatatu hiyo alibeba kingine ndani ya bahasha ngumu, ila hicho hakikuwa chake. Kilikuwa cha shirika dogo lililowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo majumbani mwao, katika nyumba isiyo na kibao, yenye geti la bati lililopakwa rangi ileile ya mageti ya majirani ili mpita njia asilitazame mara mbili. Wafadhili, ambao hawakuwahi kulala humo, walikuwa wametaka uthibitisho kwamba nyumba hiyo ni salama.

Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi, na waliomfunza waliisifu. Mara kwa mara aliwatumia wafanyakazi barua pepe za uongo alizozitunga mwenyewe, kisha akatazama nani amebofya. Aliyebofya alikalishwa somo la ziada. Aliyeshtuka alibonyeza kitufe chekundu, barua ikatoweka mbele yake, ikaingia katika sanduku la mshauri, na mashine ikajibu: "Hongera, umeukwepa mtego." Ukutani, juu ya meza ya mapokezi, alibandika bango la dalili za barua ya kitapeli: mtumaji asiyejulikana, haraka, maandishi yenye makosa, ombi la siri, kiungo cha kubofya.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mama wa mapokezi, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Barua ilimwarifu kwamba amechaguliwa mfanyakazi bora wa mwaka na kwamba abofye apokee zawadi yake. Alibofya kwa sababu aliamini anastahili, jambo ambalo somo la ziada halikuligusa. Mpishi akambatiza Bofya, na jina likamganda. Tangu hapo Shangazi aliripoti kila kitu, hata mwaliko wa kikao kutoka kwa mkurugenzi aliyekaa chumba cha pili.

"Karibu, mwanangu," alisema Shangazi alipomfungulia mshauri geti. "Leo hunikamati. Nimekuwa sugu."

"Nimeona, Shangazi. Umewapita wote."

"Mwambie mpishi. Juzi kapokea ujumbe wa bahati nasibu, akaanza kuniuliza bei za majiko." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Mkurugenzi yuko kwenye simu na wafadhili. Kaa hapa. Tunakingoja hicho cheti kama mvua."

Mshauri alikaa kwenye benchi la mapokezi na kufungua kompyuta yake ya mkononi. Ripoti ilikuwa tayari, isipokuwa sehemu moja: alitaka mfano wa barua iliyoripotiwa vizuri, amsifu Shangazi mbele ya wenzake na pengine kulifuta lile jina. Akafungua sanduku la barua zilizoripotiwa, ambalo kwa kawaida alilihesabu tu bila kulisoma.

Barua aliyoipata ilikuwa ya Alhamisi.

"dada zangu msinipigie sim nijibuni hapa haraka kabla hajaichukua. msimwambie mtu. nimefungiwa mtoto anahoma. nipo hapa bofyeni mtaona"

Chini yake palikuwa na kiungo.

Wazo la kwanza lililomjia, ambalo hatamsimulia mtu, ni kwamba barua hiyo ilitungwa vizuri kuliko zake. La pili ni kwamba haikuwa yake. Akaichunguza jinsi alivyofunzwa: ilitumwa kwa simu ya kawaida, kwa anwani ya kawaida, na kiungo kilielekea kwenye ramani ya kawaida. Hakukuwa na utapeli popote. Ilikuwa na dalili zote tano za bangoni, na kila neno lake lilikuwa kweli.

"Shangazi," alisema, "hii uliiripoti wewe?"

Shangazi alivaa miwani, akasoma, akaitikia kwa kichwa, kwa fahari. "Hiyo! Hiyo nilikushtukia mapema. Nikasema, mwanangu safari hii kazidisha, mpaka mtoto kamtia homa."

"Si yangu."

"Usinitanie."

"Si yangu, Shangazi."

Mikono ya Shangazi ilianza kupangapanga vitu vilivyokwisha kupangwa mezani. "Nilidhani ni wewe," alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani ni wewe. Na mashine ilinipa hongera."

Mkurugenzi alitoka chumbani akitabasamu, maana wafadhili walikuwa wameridhika. Aliisoma barua akiwa wima, na tabasamu likabaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa. Kisha akabofya kiungo ambacho kila mtu humo alikuwa amefundishwa asikibofye. Ramani ilifunguka, ikawa ya kijivu, ikaandika kwamba muda wa kuonyesha mahali alipo mtumaji umekwisha.

"Alhamisi ramani hii ingetuonyesha mlango wake," alisema.

Hakumlaumu mtu. Mshauri angependelea alaumiwe, kwa kuwa lawama angalau hujibiwa.

Mkurugenzi alipiga simu polisi. Askari wa zamu aliuliza jina la mwanamke, hawakuwa nalo. Aliuliza anaishi wapi. Kisha akawashauri, kwa upole usio na gharama, wangoje mwanamke aandike tena.

Ilibaki njia ya shirika lenyewe. Anwani yao ya barua ilibandikwa nyuma ya milango ya vyoo vya wanawake hospitalini, mahali ambapo mume haingii, na chini yake paliandikwa kwamba majibu yatakuja kana kwamba yanatoka kwa fundi nguo. Mkurugenzi aliandika: "Nguo yako iko tayari. Utaipitia lini?"

Wakangoja. Shangazi alichemsha chai ambayo haikunywewa. Mtoto wa mmoja wa waliohifadhiwa alilia nyuma ya ukuta, akabembelezwa, akanyamaza. Bahasha ya cheti ilikaa kwenye benchi baina ya mshauri na mkoba wake, na hakuna aliyeiulizia.

Jibu liliingia kwenye kompyuta ya mapokezi. Shangazi alilisoma kwa sauti, na kila sentensi ilimpandisha kidogo kutoka kitini.

"Habari za kazi. Ninashukuru sana kwa kunijali. Sasa niko salama na sina haraka yoyote. Tafadhali nielekezeni mahali mlipo, nije mwenyewe kuwashukuru."

"Yu hai!" alisema Shangazi. "Ameokoka, jamani! Kaandika mwenyewe!"

Mkurugenzi alikuwa tayari ameketi, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kiti.

Mshauri aliisoma tena. Tahajia ilikuwa safi na kila nukta ilikaa mahali pake. Haikuwa na haraka, wala siri, wala kiungo. Ilitoka kwa mtumaji wanayemjua. Mtoto hakutajwa, na nguo haikuulizwa hata kwa neno moja. Kwa mujibu wa bango, ilikuwa barua ya kuaminika kuliko zote zilizowahi kufika katika nyumba ile.

"Usijibu, Shangazi."

"Nisimjibu? Na mtoto ana homa?"

"Aliyeandika hii si yeye. Simu imeshachukuliwa."

Shangazi aliitazama skrini, kisha akamtazama yeye. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayeomba. "Niambie hii ni yako, mwanangu. Niambie unanijaribu. Nitakaa somo la ziada mwaka mzima."



Mkurugenzi aliinua simu kuwapigia tena polisi, ambao sasa wangepata barua ya pili isiyo na jina wala mahali. Shangazi alijifuta macho kwa kiganja, akashika kipanya na, kwa mazoea ambayo mshauri mwenyewe ndiye aliyempa, akabonyeza kitufe chekundu. Barua ikatoweka. Kompyuta iliyokuwa mapajani mwa mshauri ikalia mlio mfupi wa kuipokea, na kwenye skrini ya Shangazi maandishi ya kijani yakampa hongera.