Gia Nne za Kurudi Nyuma

Kwa miaka ishirini na miwili niliendesha gari la mkate. Kila asubuhi kreti hamsini, maduka thelathini na moja, na vichochoro ambavyo hata paka huingia kwa kufikiria kwanza. Wateja waliniita Mama Mkate, na wengine mpaka leo hawajui kama nina jina. Kiwanda kiliponunua magari mapya, lile langu likapangiwa kukatwa vyuma. Nikaenda ofisini kuomba injini yake. Meneja alidhani nimechanganywa na uchungu wa kustaafu, akanipa haraka kabla sijaanza kulia.

Sikuwa na uchungu wowote. Nilikuwa na mpango.

Uani kwetu kulikuwa na gari dogo la milango miwili, injini yake ikiwa nyuma, nililorithi kwa shangazi. Lilikuwa gari la adabu kupita kiasi. Likiwaka husikii, likipita hugeuki. Nililitazama kila nilipoanika nguo nikawaza kwamba mtu aliyelisha mkate mji mzima anastahili japo gari moja duniani lenye sauti anayoipenda. Na ile injini ya mkate nilikuwa naipenda. Ilikuwa na mngurumo wa chini chini, kama mtu mnene anayecheka akiwa amefumba mdomo. Nikaamua iingie humo.

Watoto wangu, ambao ni watu wazima wenye nyumba zao, walinipigia simu kwa zamu kama waliopangiana ratiba. Mdogo wa mume wangu, mwenye gereji yenye lifti mbili na vyombo vilivyopangwa ukutani kwa ukubwa, alikuja mwenyewe.

"Shemeji," akasema, "unataka kumvalisha mtoto koti la babu yake. Litaburuta."

"Nitapunguza mikono," nikamjibu.

"Na ukimaliza litakusaidia nini?"

Hapo nilikosa jibu, na kukosa jibu kuliniudhi kuliko swali lenyewe. Akaichukua injini ya awali ya kile kigari akaifunika turubai gerejini kwake, akasema anaitunza mpaka akili zinirudie.

Aliyebaki upande wangu ni mume wangu, na yeye hajui magari. Ni fundi wa meno bandia. Chumba chake cha kazi kina rafu tatu za mataya ya plasta, kila taya na karatasi yake ya nambari, na harufu ya nta haitoki humo hata ukifungua dirisha wiki nzima. Tatizo letu la kwanza lilikuwa kwamba injini ya mkate na giaboksi ya kigari hazikuwahi kukutana maishani, matundu ya bolti yakiangaliana kama wageni. Mafundi wote niliowauliza walitoa futi za kupimia. Yeye alikuja na bakuli lake, akakoroga ule unga wa kuchukulia alama za fizi, akaukandika kwenye uso wa giaboksi, akasubiri, akaubandua. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa injini. Mchonga vyuma alipopelekewa zile plasta mbili alicheka mpaka akakaa chini, lakini bamba la kuziunganisha alilolichonga lilikaa mara ya kwanza, bila kusuguliwa hata kidogo.

"Linauma vizuri," mume wangu akasema, akipapasa maungio kwa kidole.

Kazi yote ilituchukua miezi kumi na mmoja. Niliungua mkono mara mbili na kununa mara nyingi zaidi. Lilipowaka kwa mara ya kwanza, bati la banda likatetemeka, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia ukutani.

Sasa sheria. Gari lililobadilishwa injini lazima likaguliwe, na mwenye gari ana nafasi tatu tu. Akishindwa ya tatu, nambari zinang'olewa na bodi inakwenda kukatwa. Siku ya kwanza tulishindwa kwa moshi. Ya pili tulishindwa kwa breki ya mkono. Njiani kurudi nikasikia giaboksi inalia kama nzi ndani ya chupa, na hiyo ni beringi iliyochakaa. Ikabidi tuifungue.

Ndipo tulipofanya kosa ambalo ni sisi wawili tu tungeweza kulifanya. Kabla ya kuchomoa kitu, nililala chali chini ya gari na kile kioo kidogo cha mume wangu cha kutazamia meno, nikakiingiza kwenye tundu la oili nione ile gia kubwa ya difu inayozungusha magurudumu imekaa upande gani. Ndani ya kioo niliiona kulia. Kioo hugeuza mambo, kila anayechana nywele anajua, kwa hiyo kwenye karatasi nikaandika kushoto. Siku ya kufunga, mume wangu akaisoma ile karatasi. Yeye amezeeka na vioo. Akajiambia, mke wangu ametazama kwenye kioo na hajui kugeuza. Akageuza yeye, kimya kimya, asije akanivunja moyo. Kila mmoja wetu alikuwa mwerevu mara moja, na hesabu ya werevu huo niliiona asubuhi ya ukaguzi wa tatu.

Nilikaa kwenye usukani saa tatu, nimejipaka manukato. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi, gari likarudi nyuma likaingia kwenye kamba ya nguo na kujifunika makoti meupe ya mume wangu. Nikaweka ya pili. Likarudi nyuma kwa bidii zaidi, nikakanyaga breki tukiwa kidole kimoja kutoka ukutani. Nikajaribu ya kurudi nyuma, na gari likaenda mbele kwa upole. Ile gia kubwa ilikuwa imefungwa upande usio wake, na magurudumu yakazunguka kinyume.

Mume wangu akageuza ndoo akaikalia.

"Mama watoto, ile karatasi. Uliandika ulichokiona au ulichokifikiria?"

"Nilichokifikiria. Na wewe ulifuata nilichoandika?"

Akatazama viatu vyake.

Kufungua giaboksi upya ni kazi ya siku mbili, na miadi ilikuwa saa nane mchana. Kutokwenda kunahesabiwa kushindwa. Shemeji alifika na gari lake la kuvuta, akasikia habari yote, na kwa heshima yake niseme kwamba hakucheka mbele yangu. Alikwenda kucheka nyuma ya banda. Aliporudi alikuwa na fomu.

"Saini hapa, kwamba unairudisha injini ya awali. Wanaosaini wanapewa mwaka mzima, hakuna ukaguzi leo. Nalivuta sasa hivi, wiki ijayo una gari kama la watu wengine."

Niliishika ile kalamu. Sitaki kujifanya shujaa, niliogopa. Miezi kumi na mmoja ingeishia kwenye mashine ya kukatia vyuma kabla ya jua kuzama. Nikamtazama mume wangu aniambie la kufanya.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi."

Nikamrudishia shemeji kalamu yake.

Kituo cha ukaguzi ni mitaa sita kutoka kwetu. Tulikwenda mbele kwa gia ya kurudi nyuma, injini ikinguruma kwa nguvu zote na gari likitembea kama bibi harusi, shemeji akitufuata na taa zake za dharura. Mzee wa baiskeli mwenye trei ya mayai alitupita, akatupa pole. Kwenye mtaa wa maduka jambo likatokea ambalo sikulitarajia. Muuza duka wa kwanza akatoka na kreti tupu mikononi. Kisha wa pili. Walikuwa wamesikia ile sauti, miguu ikawatoa nje yenyewe. Wakabaki wamesimama mlangoni, wananiangalia nimebanwa ndani ya kigari kile.

"Mama Mkate, mkate uko wapi?" mmoja akauliza.

"Leo nimejibeba mwenyewe," nikamwambia.

Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, kalamu tatu mfukoni, asiyeitikia salamu mpaka amalize kuandika tarehe. Akapima moshi. Akapima breki, ya mguu na ya mkono. Akawasha na kuzima kila taa. Akaingia upande wa abiria.

"Nenda mbele mpaka ile alama."

Nikaenda.

"Rudi nyuma."

Nikarudi. Akaandika.

"Gia zote zinafanya kazi?"

"Zote."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na kalamu yake ilikwisha kusogea. Ningenyamaza tu. Lakini sikuwahi kumgonga mtu kwa miaka ishirini na miwili, na sikuifikia rekodi hiyo kwa kunyamazia mambo.

"Ila mpangilio si wa kawaida," nikasema. "Ya mbele ni moja. Za nyuma ni nne."

Kalamu ikasimama. Nikamweleza kioo, karatasi na meno bandia. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Nionyeshe," akasema.

Nikaweka mkono nyuma ya kiti chake, nikageuza shingo. Watu husahau kwamba dereva wa mkate hutumia nusu ya maisha yake akitazama nyuma, maana vichochoro vya maduka huingilika kinyumenyume tu. Ya kwanza, ya pili. Nikazipita koni za kwanza zilizopangwa uwanjani. Ya tatu, na ile sauti ikapanda ikanijaa kifuani, nikasahau ukaguzi, nikasahau sheria. Nikauzunguka uwanja wote kwa gia ya nne, kinyumenyume, nikipinda kila koni bila kuigusa, na wapimaji wengine wakaacha magari yao wakatoka kutazama. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nikasimama katikati ya mistari miwili ya maegesho, sawasawa.

Mkaguzi alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Akaiachia polepole, akanyoosha tai.

"Hiyo ni kasoro ya kufunga, inarekebishika," akasema. "Siku kumi. Mpaka hapo usizidi mwendo uliokuja nao. Lakini bado kuna jambo moja." Akafungua jalada. "Sababu ya kubadilisha injini. Mara zote mbili umeandika iliyokuwepo iliharibika. Cheti cha kuharibika sikioni, na bila hicho siwezi kugonga muhuri."

Yale maneno nilikuwa nimeandika kwa ushauri wa shemeji, eti ndiyo yanayopita.

"Haikuharibika," nikasema. "Ilikuwa nzima."

"Iliibwa?"

"Hapana."

"Iliungua?"

"Hapana."

"Orodha imeisha, mama. Sasa niambie ulibadilisha kwa nini."

Nilitafuta sababu nzuri, ya mafuta, ya vipuri, ya mizigo. Zote zilikuwa za watu wengine.

"Nilitaka hii," nikasema.

Akasubiri kana kwamba nitaendelea. Akashuka na kidole mpaka chini ya fomu, penye mstari mtupu wa sababu nyinginezo.

"Miaka tisa niko hapa," akasema, "sijawahi kuutumia huu." Akaandika maneno yangu mawili kama nilivyoyasema, akapuliza wino, akagonga muhuri.

Mume wangu na shemeji walikuwa wanangoja getini. Nikawapa karatasi. Shemeji aliisoma mpaka chini, kisha akauliza kama sasa anaweza kumpa mtu mwingine ile injini iliyo chini ya turubai. Nikamwambia ampe anayemtaka. Mume wangu akaingia upande wa abiria akafunga mkanda, na tukaenda nyumbani mbele, polepole, kwa gia ya kurudi nyuma.