Karatasi ya Bei ya Hashimu

…kwa sababu za Hashimu nazo ni diski, jamani, si maboga, aliwaza Evodia, huku Mama Paskazia, mkurugenzi, akimtazama juu ya miwani, "Afisa TEHAMA, tunakusikiliza, tununue diski za kampuni iliyotengeneza kompyuta au hizi za dukani?", na kompyuta zenyewe ni arobaini, za wapimaji wa ardhi, mpya, zina dhamana ya miaka mitatu, ila diski zake ndogo, hazitoshi ramani za wilaya hata moja, na neno lake yeye ndilo litakaloandikwa kwenye muhtasari wa kikao… Mudrick wa manunuzi anasema kitu, "feki hatutaki," feki nani, Mudrick, kwako wewe kila kisicho na nembo ya kompyuta ni feki, hujui ni nani aliyeziokoa ramani za kijiji cha Haneti… Haneti, ee Mungu, mashamba mia tatu na kumi, wazee wamesimama juani kuonyesha mipaka, shikamoo babu, marahaba mwanangu, jiwe liko pale, halafu asubuhi moja diski ikaanza kugonga, tik, tik, tik, na nakala hakuna, kosa lake, lake peke yake, akaifunga kwenye kanga kama kichanga akakimbia nayo Majengo, dukani kwa Hashimu, Mrangi wa Kondoa, naye alipomwona analia akasema, "Dada, futa machozi, ikikusikia itakata roho kweli," siku mbili akizitoa faili moja moja, hakumwambia mtu, hata soda hakutaka, ahsante Hashimu, ahsante, kazi hii wewe ndiye uliyenirudishia, na leo ndiyo siku ya kulipa fadhila, ataje za Hashimu basi, ubora ni ule ule, hapo haongopi, asipomtaja si ndiyo asante ya punda, mateke… lakini dhamana, Evodia, ukifungua mashine mpya ukaweka diski isiyo yao, kampuni haiigusi tena, wameandika, na hilo umelijua tangu jana na tangu jana unajifanya hulioni… "Evodia?" ndiyo mama, dakika moja, akavuta karatasi ya bei ya Hashimu ili tu mikono ipate kazi, muhuri, saini, na chini kabisa, kwa wino wa bluu, mwandiko wa kubanana: *Kama mashine bado zina dhamana, chukueni za kampuni. Zangu wekeni kwenye zile kuukuu.* Akasoma tena. Mtu ameandika hivi kwenye karatasi yake mwenyewe ya kuombea kazi, alijua ataikosa, akaandika, na Mudrick hakuisoma, yeye naye hakuisoma, alikuwa na shughuli ya kushukuru… kumbe shukrani aliyoipika wiki nzima haikuwa yake kuitoa, ilikuwa ya wapimaji, ya wale wazee, angemlipa Hashimu kwa mali ya watu, kwa dhamana yao, na Hashimu ameikataa kabla hajapewa, kwa mistari miwili, amemwokoa mara ya pili bila hata kuwepo, Mungu akuweke, kaka yangu… feni inazunguka, Mudrick anakohoa, Mama Paskazia bado anangoja, haijapita hata dakika, na Evodia, aliyeingia humu akitafuta namna ya kulipa, sasa anatafuta tu sauti ya kusema kweli isitetemeke.