Bastola Haipewi Mtu Mkononi

Arbab, ndivyo wafanyakazi walivyomwita tajiri wao, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioleta balaa. Msimu wa sikukuu duka lake la manukato pale Al Mankhool, ughaibuni kwa Waarabu, lilifanya biashara nzuri, akaona awafurahishe wafanyakazi wake. Wengine huwalisha watu wao biriani wakaishia hapo. Yeye alisema Ijumaa baada ya swala duka linafungwa, yalla, wote waende kwenye klabu ya kulenga shabaha, kila mtu apige bastola mpaka achoke, gharama juu yake.

Wafanyakazi walipiga makofi. Shifaa, muuzaji wa kaunta, naye alipiga, huku moyo umemshuka hadi magotini.

Alikuwa na mimba. Changa, tumbo lenyewe halijaanza kusema kitu, na waliojua ni yeye na mumewe Faiz na Mola wao. Kabla ya hii zilitangulia mbili, na zote mbili zilitoka. Zote mbili pia zilitangazwa mapema mno. Mtangazaji alikuwa Masuda, dada yake Faiz, ambaye ndiye aliyemtafutia Shifaa kazi hapo dukani na kusimama naye kaunta moja. Masuda hakuwa na roho mbaya hata chembe. Alikuwa na furaha isiyokaa mdomoni. Akilijua jambo asubuhi, adhuhuri limefika Mombasa kwa mavyaa, na alasiri limezunguka Mji wa Kale, mtoto ameshapewa na jina. Na kwao watu wa pwani mimba changa haitangazwi. Jicho la mtu lina uzito. Unanyamaza mpaka ishike, mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Kwa hiyo safari hii mke na mume waliapa. "Hata mama asijue," Faiz alisema. "Hata wifi yako. Hasa wifi yako."

Ndani ya basi dogo la duka, wakielekea huko nje ya mji ambako majengo yanaisha na mchanga unaanza, Masuda alikaa ubavuni mwake akimtazama.

"Wifi, umepauka kama chapati isiyogeuzwa."

"Sijala vizuri."

"Hujala. Kahawa hutaki. Udi ukifukizwa unatoka nje. Una nini wewe?"

"Tumbo tu limevurugika."

"Hmm," alisema Masuda, na hiyo hmm yake ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo.

Ronny, kijana wa Nakuru aliyekuwa akipanga maboksi stoo, aligeuka kutoka kiti cha mbele akicheka. "Madam Masuda, mwache. Huyo anaogopa gun. Leo nawaonyesha. Game za simu nimecheza mpaka vidole vikaota sugu."

Shifaa alicheka na wao. Kumwogopa mtu na kucheka naye ni kazi ya kuchosha kuliko kubeba maji.

Walipoingia tu klabuni, mlio wa kwanza ukapita ukutani. Haukuwa kama fataki za harusi. Ulikuwa mkavu, mzito, ukamgonga Shifaa kifuani kisha ukashuka chini ya kifua, palepale alipokuwa hataki ushuke. Akashika ukuta kama mtu anayerekebisha kiatu.

Mwalimu wao alikuwa mzee wa Kiomani mwenye ndevu za mvi zilizonyolewa vizuri. Aliposikia wanavyozungumza akatabasamu. "Kumbe watu wa nyumbani. Mimi nimezaliwa Muscat, lakini mama yangu wa Unguja. Kiswahili nimenyonya. Niiteni Thuwein."

"Shikamoo, ami," wakasema wanawake wawili kwa pamoja, maana mtu wa umri wa baba humwiti jina lake kavu.

Ami Thuwein aliwaeleza sheria polepole, kama anayefundisha watoto kuvuka barabara. Mdomo wa bastola siku zote uangalie mbele kwenye shabaha, hata kama unajua haina kitu ndani. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Ukimaliza au ukichoka, iweke mezani uondoe mikono. Anayepiga ni mmoja na yeye pembeni yake, wengine wakae nyuma ya kioo. Akisema simama, hata kama unapiga chafya, simama.

"Na hapa hakuna kuoneana haya," akasema. "Asiyeelewa aulize. Anayeogopa aseme, hakuna atakayemcheka."

"Mimi nitacheka kidogo," akasema Ronny.

"Basi wewe utapiga wa kwanza." Kisha mzee akawageukia wanawake, sauti akaishusha kwa adabu. "Na samahanini kuuliza, lakini ndiyo sheria ya hapa. Mwenye mimba hapigi wala haingii mle ndani. Yupo?"

"Mimi ninayo ya biriani," Masuda akasema, watu wakacheka. Halafu akageuza shingo taratibu. "Wewe je, wifi?"

Macho yale. Shifaa aliyaona yamejaa upendo, na upendo huo ndio uliomtisha. Neno lilikuwa hapo hapo kooni. Akaona simu ya Masuda mkononi, akaiona Mombasa nzima ndani ya simu ile.

"Mimi? Hapana," akasema.

Ronny aliingia akitembea kama askari wa sinema. Nyuma ya kioo arbab aliinua simu yake ampige picha. Risasi ya kwanza ikatoka, Ronny akaruka, na kwa furaha yake akageuka mwili mzima kuwatazama wenzake, meno yote nje, bastola imenyooka mkononi, mdomo wake ukipita juu yao mmoja mmoja. Arbab aliinama. Masuda alimvuta Shifaa chini kwa nguvu, wakaanguka pamoja. Walipoinua vichwa, ami Thuwein alikuwa ameshamkamata Ronny kifundo cha mkono, ameusukuma kule mbele kwenye shabaha, na midomo yake ilikuwa inasema jambo dogo, bila kelele.

Ronny akatoka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akakaa kwenye kiti.

"Shifaa, yalla," arbab akasema, sauti yake mwenyewe haijatulia. "Usiogope, binti."

"Arbab, mimi nitatazama tu."

"Khalas, kama hutaki, hakuna neno."

Hapo ndipo pangeishia. Lakini Masuda alikuwa bado anafuta vumbi kwenye baibui lake, akasimama. "Asipige kwa nini? Safari yote hii amekuja kutazama tu?" Kisha akamsogelea Shifaa sikioni. "Wifi, una jambo. Niambie mimi. Una jambo?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shifaa alikuwa ameumwa mara mbili, na leo mbele yake kulikuwa na vitu viwili vya kutisha, bastola na ulimi. Bastola alikuwa hajawahi kuishika. Ulimi alikuwa ameshauona unavyopiga. Akachagua asichokijua.

"Sina jambo," akasema. "Napiga."

Ndani kulinuka chuma kilichoungua. Ami Thuwein alimvisha miwani, akamvisha vizibo vya masikio vikubwa kama vikombe, dunia ikaenda mbali. Bastola ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, nzito kama mchi wa kutwangia pilipili manga, na baridi. Mzee akamwekea mikono sawa, akarudi hatua kando.

Shifaa akasoma moyoni kila dua aliyoijua. Akavuta.

Mkono ulirushwa juu. Ganda la risasi likaruka likamgusa shavu, la moto kama mafuta ya kaangio. Mlio haukuingilia masikioni. Uliingilia miguuni, ukapanda. Akataka kusimama hapo, lakini nyuma ya kioo kulikuwa na Masuda. Akavuta tena.

Ndipo chini ya kitovu kitu kikamvuta. Kidogo tu, kama uzi unapochomolewa kwenye nguo. Shifaa aliujua mvuto huo. Zote mbili zilianza hivyo.

"Sitaki tena," akasema, na hakujisikia akisema.

Alichokitaka ni kimoja, kumrudishia mwenyewe kitu chake atoke. Na mtu akiingiwa na hofu akili hukimbia, ikabaki mikono, nayo mikono hufanya ilichofunzwa utotoni. Kwao Mombasa tangu akiwa mdogo alifunzwa kwamba kisu humpi mtu kwa ncha, wala mkasi. Makali unayageuzia kwako, mpini unampa mwenzako, na akiwa mkubwa wako unatumia mkono wa kulia na wa kushoto unausaidia. Ami Thuwein alikuwa mkubwa wake. Basi Shifaa akaigeuza bastola kwa adabu zote, akamwelekezea mzee mpini, na mdomo akauelekeza tumboni mwake mwenyewe. Katika kuigeuza, kidole gumba kikateleza kikaingia penye kifyatulio.

Mzee hakuipokea. Hakumrukia kama alivyomrukia Ronny. Alirudisha mikono yake nyuma, akaifungua viganja, na uso wake ukawa rangi ya majivu.

"Simama hivyo hivyo, mwanangu."

Sauti ilimfikia kwa mbali, kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Shifaa akadhani amemkosea, akaisogeza zaidi. "Chukua, ami."

"Usinipe. Simama. Usitikise hata ukope. Kidole gumba, umekiona kilipo?"

Shifaa akashusha macho. Akaona kidole. Akaona kile kitundu cheusi kilivyokuwa kinatazama, karibu kabisa, kimegusa kitambaa cha gauni lake.

Alitaka kukiondoa kidole, kidole hakikuwa chake tena. Nyuma ya kioo kiganja cha mtu kilikuwa kinakipiga kioo, kinakipiga, bila sauti.

"Nina mimba," akasema.

"Nimesikia," akasema mzee. "Nimesikia, mama. Sasa tazama uso wangu, usitazame huko. Kidole kitoe polepole, kama unavyotoa uzi kwenye tundu la sindano. Huna haraka. Mimi sina haraka. Kitoe."

Kikatoka. Hakujua kilivyotoka. Aliona tu mkono wa mzee umeshika chuma kwa ubavuni, umeusukuma ule mdomo kando, ukutani, mbele, kisha mezani. Mzee akachomoa risasi zilizokuwa kwenye mpini, akavuta chuma nyuma, na moja iliyokuwa imebaki ndani ikaruka, ikabingirika mezani mpaka ikasimama. Wote wawili wakaitazama.

Ami Thuwein akamvua vizibo. Yeye mwenyewe akajishikiza meza.

"Kwa nini hukusema nilipouliza?"

"Wifi yangu alikuwa pale."

Mzee hakucheka. Hilo lilikuwa jibu kamili kwa mtu aliyelelewa na mama wa Unguja. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Hata sisi nyumbani mimba zilifichwa. Lakini hapa, mwanangu, adabu ni nyingine. Bastola haipewi mtu mkononi. Unaiweka chini unaondoka, hata ungekuwa unamwachia sultani. Na ule mlio, wewe tumekuziba masikio, huyo je? Na vumbi la risasi unalivuta. Nenda kwa daktari. Sasa, si kesho."

Walipotoka, Masuda alikuwa anangoja nje ya mlango. Mtandio umemtoka, machozi yamechanganyika na wanja. Akamkumbatia Shifaa kwa nguvu, halafu akamwachia kama aliyeogopa kumvunja.

"Ningemwambia nini Faiz?" akawa anasema. "Ningekwenda kumwambia nini?"

Shifaa alikuwa bado anaweza kuficha. Angesema ni mshtuko, akachukua teksi peke yake. Lakini uzi ule ulivuta tena, na hakuweza kubeba siri na hofu pamoja.

"Nishike, wifi. Nina mimba, na inanivuta."

Masuda akafungua mdomo. Akaufunga. Akamshika kiuno, akamwambia arbab kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Shifaa amepata kizunguzungu, wanatangulia mjini, na Ronny akaenda mbio kuwaitia teksi.

Njia ilikuwa ndefu. Minara ilianza kuonekana mbali, jua limeigonga vioo. Shifaa alikaa amebana magoti, anasikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi nje ya mlango.

"Zile mbili," Masuda akasema, akitazama dirishani. "Mnasema ni mimi."

Shifaa akaweka kiganja tumboni.

"Uliniogopa mimi kuliko bastola."

"Ndiyo," Shifaa akasema. Hakuwa na nguvu ya kutafuta neno lingine.

Masuda akatikisa kichwa kidogo, akaitia simu yake mkobani.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, nyuma ya hoteli moja. Nesi alimwita Shifaa ndani, na Masuda, ambaye siku zote huingia kila mlango kabla hajaalikwa, alibaki benchi la nje, mikono mapajani. Daktari mwanamke alimpaka Shifaa kitu cha baridi tumboni, akapitisha kifaa chake, akanyamaza. Akasogeza. Akanyamaza tena. Shifaa aliuma pembe ya mtandio. Katika ukimya ule aliona tena kitundu cheusi kinamtazama.

Halafu sauti ikaja. Ndogo, ya haraka haraka, kama mtoto anayekimbia peku kwenye sakafu.

"Moyo upo," daktari akasema. "Kwa leo upo. Kuhusu huo mvuto siwezi kukuahidi kitu. Ulale, usibebe chochote, urudi wiki ijayo tuutazame tena."

Kwa leo. Shifaa alilia bila sauti, na hofu haikuondoka, ilikaa tu pembeni ikamwachia nafasi ya kupumua. Chini ya mlango aliona kivuli cha miguu, kikisogea, kikirudi. Kikasogea tena. Hakikubisha hodi.

"Wifi," akaita.

"Labeka."

"Ingia usikie. Ingia, na mlango uufunge."

Masuda akaingia, akaufunga mlango kwa mikono miwili.